Mpira wa Puani

Hospitali ya Masista, njia ya Guta
Bunda
6 Oktoba 1992

Kaka Magesa,

Salamu nitakupa mwishoni nikikumbuka, maana leo nimekukasirikia. Gati alifika jana mchana kwenye lori la dagaa, amekalia magunia, Marcelina yuko mgongoni amefunikwa khanga gubigubi. Nilipoifunua ile khanga nikaona mbavu za mwanao zinadidimia kila akivuta pumzi, na midomo imeanza kuwa na rangi ya majivu. Nikamuuliza wifi hali hii imeanza lini, akasema tangu wiki iliyopita, na kwamba mlikuwa mnamfukiza majani. Mtoto wa miaka mitatu, ana pumu, nyinyi mnamwongezea moshi. Una mdogo wako nesi, na lori la Bunda linapita mlangoni kwako kila siku.

Basi, yamepita. Amelazwa wodi ya watoto, wodi yangu mimi. Amechomwa sindano, imemsaidia kidogo tu. Daktari anasema pumu imekutana na nimonia, na sasa anahitaji hewa ya oksijeni pamoja na dawa ya kufungua kifua. Dawa yenyewe siku hizi hatumnyweshi mtu. Tunaitia kwenye kikombe kidogo cha plastiki, hewa inapulizwa ndani yake, dawa inageuka ukungu, na mgonjwa anauvuta mpaka kwenye mapafu. Mashine ya umeme ya kutoa oksijeni hiyo tumeletewa mwaka huu na rafiki za masista. Ina kelele na ukubwa wake ni kama friji dogo.

Tatizo ni huyu mwanao, ambaye amerithi ukaidi wa ukoo wetu bila kupunguza. Tukimwekea maski usoni anaing'oa, analia, anazidi kubanwa. Daktari akasema basi tutumie mpira wa puani, mtoto akishauzoea analala nao. Hapo ndipo Gati aliponishangaza. Huyu Gati ambaye hajawahi kunijibu neno alisimama mbele ya kitanda akasema, "Wifi, puani hapana. Mume wangu amekataza."

Anasema kabla hajapanda lori ulimshika mkono ukamwambia: wafanye yote, lakini siku wakimwekea mwanangu mpira puani, mbebe uondoke.

Ni kweli ulisema hivyo? Nijibu kwa lori hilohilo. Na uje mwenyewe, nyumbani kwangu Kabasa kitanda kipo. Bila ule mpira siwezi kukuahidi kitu juu ya mtoto huyu, na hapo nasema kama nesi, si kama mdogo wako.

Wasalimie wote wa nyumbani. Unaona nimekumbuka.

Mdogo wako,
Hyasinta


Bukima, Majita
8 Oktoba 1992

Mdogo wangu Hyasinta,

Mimi salamu naanza nazo, sikusoma kama wewe lakini adabu bado ninayo. Habari za kazi, habari za hapo Bunda, habari za mgonjwa wetu. Sisi huku tupo, ziwa linatoa, hatujambo.

Barua yako dereva ameniletea mpaka mwaloni, nikaisoma nimesimama kwenye maji. Umeuliza kama ni kweli nilisema. Ni kweli, na leo nasema tena. Ukungu sikatai. Sindano sikatai. Maski hiyo mwekeeni, mshikeni mikono kama ikibidi, atalia mwisho atanyamaza. Puani nimekataa.

Wewe unajua marehemu mama alivyokwenda. Alikuwa anaongea na sisi, alikuwa anauliza mihogo imeanikwa au bado. Wakamwekea mpira puani, hakulifikia jua la jioni. Huyu mtoto ana jina lake, Marcelina kama yeye, na kifua chake nacho kimekuwa kama cha yeye. Na hapa kijijini nitajie mtu mmoja aliyewekewaga mpira puani akarudi anatembea. Wanarudigi wamelala kwenye gari. Watu wameshaona, si mimi peke yangu.

Kuja siwezi kwa sasa. Siku hizi malori ya kiwanda yanachukua sangara kila siku, usipokuwepo mwaloni samaki wako wanaoza au wanakuwa wa mwingine. Nikiondoka, vijana wangu watakunywa mpaka injini. Nimekutumia sato wa kukausha, uwapikie wewe na Gati, na mchuzi wake mpe mtoto.

Usiniandikie tena habari za mpira. Niandikie mtoto amekula nini.

Kaka yako,
Magesa Masatu


Bunda
11 Oktoba 1992

Kaka Magesa,

Samaki wamefika, asante. Umesema nisiandike habari za mpira. Nitaziandika mara moja, halafu nanyamaza.

Mnajua kwa nini wengi wanaowekewa mpira wanakufa? Kwa sababu mnawaleta wakiwa wamekwisha. Mmeanza kwa majani, mmekwenda kwa mganga, mmesubiri mvua ipite, mmesubiri sangara wauzwe, ndipo mnapanda lori. Mpira ndio unakuwa wa mwisho kumgusa, basi unabeba lawama zote. Wewe uliyemaliza darasa la saba, uliyekuwa unanifundisha hesabu kwa kokoto pale pwani ya ziwa, leo unaniandikia maneno ya bibi kizee anayeogopa kupigwa picha. Nilitegemea haya kwa jirani zako, kwako sikuyategemea.

Lakini wewe ndiye baba, nimekusikia. Mpira hatujamwekea. Maski ameizoea. Ukungu anauvuta vizuri na mbavu zimeanza kutulia. Leo amekunywa uji wa ulezi na ameulizia samaki, nikamnyambulia kidogo.

Gati hajambo, anakusalimia. Nina zamu, naishia hapa.

Mdogo wako,
Hyasinta


Bukima
16 Oktoba 1992

Hyasinta,

Thadeo katekista alikwenda Bunda kwenye semina ya parokia, nikamwomba apite amwone mtoto. Jana amerudi. Ananiambia mtoto mzuri, mtoto amecheka naye, amemwimbia na wimbo. Mimi nafurahi. Halafu akaniwekea mkono begani akasema, "Pole sana Magesa, nimeuona mpira."

Nikamwambia umeona maski, Thadeo, macho yako hayana nguvu. Akasema hapana, mpira, puani, umefungwa kwa plasta mashavuni.

Mimi ndiye niliyekuwaga nakubeba mgongoni mto ukijaa, ufike shule sare haijaloa. Hukuwahi kunidanganya hata kwa kipande cha muwa. Sasa umeniandikia kwa mkono wako kwamba maski ameizoea, na barua ninayo hapa. Hata wale walinidanganya hivyohivyo, kwa upole, kwa sauti nzuri. Kumbe kazi hiyo inawafundisha kitu kimoja.

Sitaki kujua ulikuwa na sababu gani. Thadeo anarudi Bunda kesho kuchukua vitabu, nimempa ujumbe wa Gati. Gati simwandikiagi barua, ananisikia bila karatasi.

Magesa


Bunda
19 Oktoba 1992

Kaka Magesa,

Kama Gati na mtoto wameshafika kwako, usiimalize barua hii. Wapakie kwenye lori kwanza, halafu ndipo usome.

Waliondoka jana saa ya kuona wagonjwa, watu walipokuwa wengi wodini. Nilikuwa chumba cha dawa. Niliporudi kitanda kitupu, mpira umetundikwa vizuri kwenye chuma cha kitanda, khanga ya hospitali imekunjwa. Mashine bado inanguruma. Amekuheshimu wewe na ametuheshimu na sisi, na mtoto hakumaliza dawa. Kifua chake kimefunguka lakini hakijapona. Kikiachwa kitafunga tena, na safari hii hakitangoja wiki.

Ndiyo, nilikudanganya. Mpira nilishauweka nilipokuandikia kwamba hatujauweka. Nataka ujue ilikuwaje. Mchana wa siku niliyouweka Marcelina alichoka. Mtoto wa pumu akilia, nesi anakasirika tu. Akinyamaza ndipo tunaogopa. Alinyamaza, kichwa kikaanza kulala pembeni. Nikamtazama Gati. Gati akageuka akaangalia ukuta. Nikauweka kwa mkono wangu mwenyewe. Angekuwa mwanao mikononi mwako nawe ungeweka chochote.

Mwanzoni haukusaidia. Mpira ulikuwa mrefu na mwembamba, ukungu ukawa unageuka maji njiani, dawa inabaki imegandia ndani ya mpira, puani inafika hewa bila dawa. Daktari akatafuta mpira mfupi na mpana zaidi, tukakisogeza kikombe karibu na uso wake, tukawa tunayamwaga yale maji kila yanapojikusanya. Hapo ndipo ukungu ulipofika. Ulikuwa unaonekana kabisa ukimzunguka puani, mweupe, akiwa analala au ananyonya kidole, hana habari. Jioni ile mbavu zikaacha kudidimia. Dawa yenyewe tumeipata Musoma, kwa mama mmoja anaitwa Mwamvita, siku hizi ameruhusiwa kufungua duka lake la dawa. Miaka ile ya foleni usingeipata hata kwa kupiga magoti. Vitu vyote vya kumponya mtoto huyu vilikuwa vimekutana chumba kimoja, Magesa, nawe ukatuma mtu aje kuvitawanya.

Naomba unitukane ukitaka, lakini mrudishe.

Na kuna neno uliandika sijalielewa. Umesema "hata wale walinidanganya." Wale ni kina nani?

Hyasinta


Butiama
22 Oktoba 1992

Kwa wifi yangu Hyasinta,

Naomba radhi kwa mwandiko na kwa kuondoka bila kuaga. Barua hii naipeleka Kiabakari nimpe konda wa basi, akufikishie hospitali.

Mimi sikwenda Bukima. Thadeo aliponipa ujumbe wa mume wangu nilimfunga mtoto mgongoni nikatoka, lakini basi lilipofika Kiabakari miguu ikanishusha. Nimekuja hapa kwa baba yangu. Mume wangu namwogopa na wewe nakuogopa. Kama ningekwenda kwake mtoto akazidiwa, ungesema Gati amemuua. Kama ningebaki kwako mtoto akazidiwa, yeye angesema Gati amemuua. Nikaona nikae katikati.

Siku za kwanza alikuwa anacheza na mbuzi, nikasema kumbe amepona. Tangu jana mbavu zimeanza tena. Usiku anakaa, hataki kulala chini.

Mama nimemweleza mlivyokuwa mnafanya, ukungu unapita puani. Anasema tuchemshe majani ya mkaratusi kwenye sufuria, tufunike, mvuke upite kwenye kikonyo cha jani la mpapai mpaka puani mwa mtoto. Vikonyo nimeshachuma, vina tundu zuri. Maji sijachemsha. Naogopa kumuunguza. Niambie nifanye au nisifanye.

Mume wangu hajui kama niko hapa. Ukimwandikia usimwambie. Au mwambie. Mimi sijui, wifi.

Ni mimi,
Gati Machage


Bunda
23 Oktoba 1992

Wifi Gati,

Usichemshe. Mvuke wa sufuria ni wa moto, utamuunguza ndani ya pua mahali ambapo mimi siwezi kupaka dawa, na hauna kitu cha kufungua kifua. Ule wa kwetu ni wa baridi na umebeba dawa. Vinafanana kwa macho tu.

Mkalishe, asilale chali. Mnyweshe maji kidogokidogo. Asikae jikoni penye moshi. Kesho Jumamosi gari letu linapeleka chanjo Butiama, dereva anaitwa Makongoro, nimemwomba akitoka zahanati apite kwa baba yako awachukue. Jitayarishe mapema, akipiga honi uwe umeshasimama nje.

Umenipa ruhusa ya kumwambia kaka na ya kutomwambia. Nimechagua kumwambia, barua yake inaondoka leo. Lawama yote nimejitwisha, nimeandika kwamba nimekuita mimi. Wewe hukumuua mtu na hutamuua mtu.

Njoo.

Wifi yako,
Hyasinta


Butiama
24 Oktoba 1992

Mdogo wangu Hyasinta,

Barua hii anakuja nayo Gati mkononi. Gari la Makongoro limejaa maboksi ya chanjo, nafasi ni ya mama na mtoto. Mimi nashuka kwa miguu mpaka Kiabakari, nikikuta basi limepita nitalala hapo, kesho nije.

Mkwe wangu Mzee Machage alinitumia ujumbe mwenyewe, Gati hakujua. Nikaja jana na hasira yangu yote. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Nikamkuta Gati nyuma ya nyumba amempakata mtoto, kando yake vikonyo vya mpapai vimenyauka. Hakunisalimia. Alimfungua mtoto kifua akasema, "Haya, mume wangu. Puani hakuna kitu. Mtazame." Nikamtazama. Nikaziona mbavu zinavyodidimia, nikampokea nikampakata mimi.

Sasa nakujibu ulichouliza. Wale ni kina nani.

Mwaka ule wa themanini na tatu wewe ulikuwa chuoni, ulikuta tumeshazika. Mimi ndiye niliyekuwa na mama wodini. Unakumbuka ile hali, sabuni kwa foleni, unga wa njano, malori yanalala barabarani hayana dizeli. Walipomwekea mama mpira puani mimi nilifurahi. Nilikuwa sijasikiaga ubaya wake. Mama naye akafurahi, akaniambia, "Sasa nitapona, si wameshaniwekea hewa." Nikainama nimwambie neno, shavu langu likapita pale mpira unapoishia. Hakuna kitu. Nikaliweka tena nikatulia. Hakuna. Nikaufuata ule mpira kwa mkono mpaka kwenye mtungi nyuma ya kitanda, mshale wa kipimo umelala kwenye sifuri.

Nikamwita nesi, mama mtu mzima, mwenye huruma sana. Hakubisha. Alinivuta pembeni akasema, "Mwanangu, mitungi ilikwenda kujazwa haijarudi. Tumemwekea ili msione kama tumemwacha." Nikarudi nikakaa. Mama akaniuliza kama hewa inatoka vizuri, nikasema inatoka. Mpaka mwisho alikuwa anajitahidi kuivuta.

Wewe ulikuwa karibu kuvaa sare. Uliniandikia barua umejichora na kofia nyeupe. Nikaona nikikuambia utaitupa kofia, basi nikasema mpira unaua. Watu wakanielewa haraka, na wengine wakaanza kusema hivyo, na mimi nikawa mmoja wao. Uliponiita bibi kizee nilicheka mbele ya vijana, lakini iliniuma.

Kwa hiyo si uchawi. Mpira siuogopi. Naogopa mpira usiopitisha kitu. Na sangara si sababu, wangeoza tu. Nilishindwa kuja kwa sababu nikifika mlango wa wodi nasikia ile sauti ya yule mama mwenye huruma, na magoti yananiisha nguvu. Mtu mzima kama mimi.

Mwekeeni Marcelina. Puani, popote. Nimekuachia. Nakuomba kitu kimoja tu, na hiki usinidanganye: siku hewa isipopita, niambie. Usiache nigundue mwenyewe kwa shavu langu kwamba haipo.

Kaka yako,
Magesa


Bunda
25 Oktoba 1992
Imeachwa getini kwa mlinzi Shomari

Kaka Magesa,

Nimekuandikia usome hapo getini kwa sababu wodini sitaweza kukuambia haya mbele ya Gati na mtoto. Barua yako niliisoma jana, nimesimama, nikairudia. Ya mama tutayalia siku nyingine, leo hayana nafasi.

Walifika jana mchana. Mtoto alikuwa amechoka lakini anatujua, alimsukuma daktari mkono. Tulimwekea mpira palepale, ukungu ukapita, Gati mwenyewe alikuwa anautazama unavyoingia. Jioni akanywa maziwa. Alilala vizuri na sisi tukalala.

Leo asubuhi umeme umekatika, mgao umefika kwetu. Jenereta liliwaka kidogo likazima, dizeli imekwisha. Makongoro amekwenda na gari kuitafuta Musoma, hapa vituo vyote vikavu. Maduka ya mjini yamejaa redio na viatu vya kila rangi, dizeli ya kumpumulisha mtoto hakuna. Mtungi wa akiba uko chumba cha upasuaji, kuna mama anapasuliwa, na siwezi kwenda kumnyang'anya. Mashine imenyamaza.

Mpira ulibaki puani mwa Marcelina, plasta zake mashavuni, amekaa nao vizuri kabisa. Sista mkubwa alipita akanong'ona, "Uache hivyohivyo Hyasinta, baba yake akija asione kama ameachwa." Ni mtu mwema, simlaumu, hata mimi juzi nisingeona ubaya. Niliutazama ule mpira. Nikabandua plasta nikautoa.

Sasa nakuandikia kama ulivyoomba. Oksijeni haipo. Tangu asubuhi haipo, na sijui itarudi saa ngapi.

Dawa ipo. Makongoro alituachia pampu ya mguu, ile ya kujazia matairi, daktari akaiunganisha na kikombe. Mtu akikanyaga, hewa inaingia, dawa inatoka ukungu, na mpira uleule mfupi sasa tumeurudisha, tunaushikilia puani mwa mtoto. Hewa yenyewe ni hii ya kawaida tunayovuta mimi na wewe, haiwezi kuwa badala ya mashine. Kazi yake ni kuifikisha dawa. Inafika, nimeiona. Lakini ukiacha kukanyaga ukungu unakatika, na ukikatika kwa muda mbavu zinaanza.

Daktari hasemi atapona na hasemi hatapona. Nimemuuliza kama nesi, nimemuuliza kama shangazi wa mtoto, jibu ni hilohilo. Sitalipamba. Midomo yake si mizuri. Macho yako wazi, anatufuata nayo.

Tunapokezana, daktari, mimi, na Gati. Daktari ameitwa upasuaji. Mimi nina watoto wengine wodini, na mkono mmoja umeshika mpira hata sasa ninapoandika. Gati ndiye anayekanyaga tangu saa nne, mguu umemvimba, tukimwambia apumzike anakataa.

Magoti yako njoo nayo hivyohivyo yalivyo. Pita mlango wa nyuma karibu na tanki la maji, kitanda ni cha kwanza kushoto. Usitusalimie, usiulize kitu. Mguse Gati bega atajua ni wewe, atatoa mguu, nawe uweke wa kwako.

Usije mbio ukafika umechoka. Kukanyaga kwenyewe ni kwa muda mrefu.

Hyasinta